Mgeni Aliyefukiziwa Ubani

Kiwanjani, Isiolo
11 Januari 1986

Kwa Mwalimu Abiba, mjane wa marehemu Halkano Duba, Kinna

Assalaam aleikum, shemeji.

Utashangaa kuuona mwandiko huu. Mara ya mwisho nilikuandikia rambirambi, na barua ile ilikuwa fupi kwa sababu niliogopa. Hii itakuwa ndefu kwa sababu hiyo hiyo.

Naumwa figo. Daktari wa Meru ameniambia kwa upole mwingi nirudi nyumbani nikapumzike, na mtu wa umri wangu akiambiwa hivyo kwa upole, anaelewa. Nimelala katika nyumba ya marehemu dada yangu Mako. Mwanawe Kahin ananiinua asubuhi na kunilaza jioni. Mwili umekwisha, akili ingali nzima, na hiyo ndiyo adhabu.

Unakumbuka mwaka wa sabini na tano nilipokuja na kile kisanduku. Ofisi ya serikali iliyoniajiri Nairobi ilinituma kupima vumbi katika kiwanda cha kokoto kilichokuwa kwenye njia ya Burat, ambako Halkano na nduguye Hirbo walikuwa wakiilisha mashine mawe. Mlinilaza kwenu, mlipokuwa bado mkiishi hapa Isiolo. Nilijaribu kuwaeleza kazi ya kisanduku, lakini Halkano alinicheka mpaka nikaacha, kwa hiyo acha nieleze tena.

Ndani yake mlikuwa na fuwele, kipande cha jiwe angavu, chembamba kama ukucha wa mtoto. Jiwe la aina hiyo ukilipitishia umeme hutetemeka kwa kasi isiyobadilika. Kisanduku huvuta hewa na kulitua vumbi lake juu ya fuwele. Vumbi likishika, jiwe linakuwa zito kidogo, na mtetemo unapungua. Ukijua umepungua kiasi gani, umejua uzito wa kitu ambacho jicho halikioni wala mkono hauwezi kukibeba.

"Kumbe ni kengele ya ngamia," Halkano alisema. "Ukiipaka matope, sauti inashuka."

"Hiyo hiyo."

"Na ukiijaza matope kabisa?"

"Hailii."

"Basi ngamia akipita mbele yako utasema hakuna ngamia!" Akacheka akapiga goti langu. "Mtoto wa askari wewe! Babako alipanga watu kwenye foleni, wewe unapanga vumbi."

Shemeji, ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi ya siku ya pili fuwele ilikuwa na utando mweusi unaonata. Utando mnene na laini kama ule huiziba fuwele: vumbi linatua juu ya ulaini, na jiwe lililo chini halihisi kitu. Kisanduku kilinionyesha karibu na sifuri, ilhali pale tulikuwa tukitema mate meupe. Nilipaswa kuifuta kwa kitambaa na maji ya sabuni nikaanza upya. Sikuifuta. Niliandika kwamba hewa ya pale haina madhara, nikarudi Nairobi.

Kiwanda kikaendelea mpaka barabara iliyojengwa kwa kokoto zake ilipokwisha. Halkano akafa kwa kifua. Walisema ni kifua kikuu. Mimi tangu siku niliyosikia nimeamini kwamba ni vumbi la mawe lililojaa mapafuni, vumbi nililosema halipo.

Dhambi iliyo kati yangu na Mola nitaipeleka mwenyewe. Lakini haki ya mja haifutwi ila na mja, na Halkano hayupo. Wewe upo. Naomba unisamehe kabla sijaondoka.

Wako,
Mahamud Shuriye


Kinna
24 Januari 1986

Wa aleikum salaam, shemeji Mahamud.

Barua yako ilikuja na lori lililofuata vitunguu. Niliisoma shuleni watoto wakiwa mapumzikoni, nikaisoma tena nyumbani mlango ukiwa umefungwa. Pole kwa maradhi. Nasema pole kwa moyo, usidhani ni adabu tu.

Unaniomba msamaha wa kifo. Kifo kila mtu ana chake, na kama ungeniomba hicho peke yake ningekuwa nimeshakujibu kwa mstari mmoja. Wewe hujui ulichochukua, kwa hiyo sasa nitakuambia mimi.

Halkano alipoanza kukohoa, dresa wa zahanati alimuuliza: "Unafanya kazi penye vumbi?" Akajibu: "Pale serikali ilishapima. Hakuna kitu. Tena aliyepima ni rafiki yangu." Nilikuwa nimekaa kando yake. Alisema "rafiki yangu" kwa fahari, kama mtu anayetaja ng'ombe wake. Basi dresa akaandika kifua kikuu, akaanza sindano, na mimi nikaambiwa nitenge vyombo.

Nilitenga. Mimi ni mwalimu, najua kufuata maagizo. Kikombe chake cha bati nilikifunga uzi mwekundu kwenye kishikio ili mtoto asikosee. Nikamjengea kibanda nyuma, nikazungushia ua wa miiba. Chakula nilikisukuma kwa chini. Tiya, mtoto wetu wa mwisho, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Alimjua babake kwa sauti ya ng'ambo ya ua. Sikukuu moja ya Idi, Tiya alikwenda pale na nguo yake mpya, na Halkano akaupitisha mkono katikati ya miiba amshike kichwa. Nilimpigia kelele kama mbwa aliyetia mdomo kwenye maziwa. Mbele ya wageni. Akaurudisha mkono, miiba ikamkwaruza.

Amekwenda na hilo. Sasa unaniandikia kwamba hapakuwa na haja ya ua.

Nina swali. Jioni ile ulipofika, niliweka kisanduku chako chumba cha wageni, nikakifukizia ubani kama tunavyomfukizia mgeni yeyote wa heshima. Wewe ukacheka ukasema, "Sasa mgeni wetu amenukia." Je, ni ubani wangu ulioiziba ile fuwele? Nijibu hilo kwanza, ndipo uombe msamaha.

Abiba


Kiwanjani
3 Februari 1986

Shemeji,

Nimelia kwa ajili ya ule mkono. Siwezi kuandika zaidi juu yake leo.

Kuhusu ubani: hapana. Usijitie katika jambo hili hata kidogo. Kisanduku kilikuwa kimefunikwa. Kilichoiziba fuwele ni vumbi la mawe lenyewe, la siku ya kwanza, lililojaa kupita kiasi. Ubani wako ulinukia tu, na mpaka leo naukumbuka kwa wema.

Mahamud


Kinna
12 Februari 1986

Mzee Mahamud,

Nimefundisha watoto miaka mingi, na mtoto anayedanganya huwa ananiandikia kwa ufupi.

Vumbi la yale mawe ni jeupe. Halkano alikuwa akirudi nyumbani kope zimekuwa kama za mzee, nasi tukimcheka tukimwita babu. Barua yako ya kwanza inasema utando ulikuwa mweusi na unanata. Vumbi la mawe halinati. Moshi wa ubani hunata, muulize mwanamke yeyote aliyewahi kusugua chetezo.

Ulitaka kunihurumia? Mwanamume huyo huyo aliyeandika "hewa haina madhara" sasa ananiandikia "ubani hauhusiki". Naona ni mkono ule ule.

Nikuambie jambo jingine. Kati ya waliofanya kazi pale bado wapo wanaokohoa. Dullo yuko hapo hapo mjini. Hirbo, shemeji yangu, anaishi nyuma ya soko la mbuzi, na akitembea kwa watu anabeba kikombe chake mfukoni mwa koti ili asimtie mwenye nyumba wasiwasi. Mkewe anamwandalia chakula peke yake. Dawa za kifua kikuu amemeza mpaka akazimaliza, akaanzishiwa tena. Wewe umelala hatua chache kutoka kwake, unaniandikia mimi niliye Kinna.

Andika ukweli, au usiandike tena.

Abiba


Kiwanjani
23 Februari 1986

Mwalimu Abiba,

Ndiyo. Ni ubani.

Sasa soma mpaka mwisho, maana ukiishia hapo utakuwa umeuona uongo mwingine.

Kisanduku nilikitumia kupima kiwandani siku ya kwanza, kabla ya kukileta kwenu. Fuwele ilikuwa safi. Nambari iliyotoka ilikuwa mbaya kiasi kwamba nilidhani nimekosea, nikapima tena, ikatoka ile ile. Kwa hiyo ukweli nilikuwa nao mkononi tangu jioni ile, wewe hujawasha hata kaa.

Msimamizi wa pale, Mbaabu, hakuwa mtu mbaya. Aliniambia mbele ya wafanyakazi: "Ukiandika hivyo, lazima nifunge mpaka mitambo ya kunyunyiza maji ije. Na nikifunga, wakubwa watahamishia kazi kwingine." Wanaume wakanitazama. Ng'ombe wao walikuwa wamekwisha kwa ukame, hakuna aliyebaki na cha kurudia. Nilipotoka na Halkano, hakunitania njiani, na wewe unajua jinsi hilo lilivyokuwa jambo geni. Mlangoni ndipo aliposema, "Mahamud, wewe msomi. Njaa nayo ina kipimo?"

Tukaingia, ukatupa chai, ukafukiza.

Asubuhi nilikwenda kupima mara ya mwisho. Kisanduku kikanionyesha karibu na sifuri. Nilifungua, nikaona ule utando, nikasikia harufu ya ubani wako imo ndani, nikajua mara moja. Kitambaa kilikuwa mfukoni. Maji yalikuwa kwenye pipa hatua mbili kutoka nilipokuwa. Nikafunga kifuniko. Niliipenda ile sifuri, Abiba. Ilikuwa zawadi. Niliandika ya pili, nikaifuta ya kwanza, nikajiambia kwamba ya kwanza ndiyo iliyokosewa.

Nilijiambia kwamba nimewahurumia. Lakini mwenye huruma angewaambia wale wanaume ukweli, wachague wenyewe kati ya njaa na vumbi. Mimi nilichagua kwa niaba yao, kisha nikapanda gari nikaenda ambako hakuna vumbi wala njaa.

Limebaki moja, na hili ndilo linalonizuia kula. Halkano alipokufa, nilitafuta mahali pa kuuweka mzigo, nikauweka kwako. Kila nilipobanwa moyoni nilisema: ni ubani wa Abiba. Kama asingefukiza, fuwele ingesema kweli. Nilikuwa nakutumia salamu za Idi huku moyoni nakushtaki. Na juzi nilipoandika kwamba ubani hauhusiki, sikuwa nakuhurumia, nilikuwa najaribu kujisikia mwema mara moja kabla ya kufa.

Ulimpa mgeni heshima. Mgeni akaitumia heshima yako kama pazia.

Hii ndiyo barua niliyotakiwa kukuandikia tangu mwanzo. Sitarudia kuomba.

Mahamud


Kinna
5 Machi 1986

Shemeji,

Hii ndiyo niliyokuwa nangoja. Imeniuma, na nashukuru.

Lakini msamaha wa kuandikiana wawili ni rahisi mno. Uongo wako haukuwa wa siri, ulipigwa mhuri. Nenda msikitini Ijumaa, useme, imamu na jamaa wakusikie. Sema mbele ya Hirbo na Dullo, na uhakikishe wake zao wamefikiwa na habari kabla ya jioni. Daktari ndiye wa kusema nani ana nini kifuani, lakini daktari hawezi kusema sawa ikiwa wagonjwa wenyewe wanamwambia kwamba vumbi halikuwepo.

Ubani utaje. Siogopi. Nimeshawaambia watoto wangu mwenyewe.

Ukiwa huwezi kutembea, ubebwe. Wao wanabeba vikombe.

Abiba


Kiwanjani
15 Machi 1986

Mwalimu Abiba,

Nilibebwa. Kahin na Abdisalan, yule jirani wa malori, walinipeleka juu ya kiti cha kamba kama bibi harusi, na watoto wa mtaa wakatufuata wakiuliza nani ameolewa. Halkano angecheka mpaka alie.

Imamu alinipa nafasi baada ya swala. Nilisema yote. Nambari ya kwanza, ubani, kitambaa kilichokuwa mfukoni. Sauti yangu ni ndogo siku hizi, kwa hiyo Kahin alirudia kila sentensi kwa nguvu, na nilisikia uongo wangu ukitangazwa kwa sauti ya kijana asiyekuwa na kosa. Mtu mmoja alipaza sauti: "Leo ndiyo unatuambia? Baada ya kustaafu na kushiba?" Mwingine akasema, "Mwache amalize, kesho hutampata." Nikamaliza. Dullo alisimama, akachukua viatu vyake, akaondoka bila kunitazama. Ni haki yake. Usiku kucha nimekuwa nikiona mgongo wake.

Hirbo alikuja hapa nyumbani alasiri. Amebaki mifupa na macho. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Kahin," akasema, "chai ipo?"

Kahin akaleta chupa na kikombe changu, akasimama, maana alijua habari za Hirbo, akangoja atoe chake. Hirbo akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa kikombe cha bati, akakiweka sakafuni. Kisha akachukua changu. Akanywa hadi nusu. Akanipa.

"Kunywa."

Nikanywa.

"Chai ya peke yako haina sukari," akasema, "hata ukiitia kilo nzima."

Nikamuuliza kama amenisamehe. Akakohoa, akajifuta mdomo. "Mzee, mimi nimekuja kunywa chai. Mbona unanikimbiza?"

Jumatatu Abdisalan atawapeleka kwa daktari, yeye na yeyote atakayekubali. Nimempa karatasi yenye ile nambari ya kwanza. Niliifuta katika ripoti, lakini kichwani haijawahi kufutika hata siku moja. Nimetia sahihi.

Miguu imevimba tangu jana. Naandika polepole. Nilitaka tu ujue kwamba nimekwenda.

Mahamud


Kinna
20 Machi 1986

Shemeji Mahamud,

Habari zilinifikia kabla ya barua yako. Mke wa Hirbo amemtuma dereva aniambie kwamba ameviosha vikombe vyote vya nyumba katika beseni moja, kisha akakaa chini akalia, na Hirbo akamwambia, "Lia, lakini usivunje." Daktari anataka picha za vifua vyao, na safari hii amewauliza habari za mawe. Dullo naye amekwenda. Hakutaka gari la Abdisalan, alikwenda kwa miguu, lakini amekwenda.

Kifo nilishakuachia. Ule mkono uliokwaruzwa na miiba siwezi kukusamehe mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyepiga kelele. Mwenye haki nao ni Tiya. Kwa hiyo nilimketisha nikamwambia, yeye sasa ni msichana wa darasa la nne, anaelewa.

Aliuliza, "Kwa hiyo angeweza kunibeba?"

Nikamwambia, labda angeweza.

Aliendelea kuchambua maharagwe yake mpaka akayamaliza. Nilidhani amesahau, kisha akauliza, "Huyo mzee wa Isiolo alimjua vizuri?"

"Walikuwa marafiki tangu wakiwa wadogo."

"Basi anajua alivyokuwa akicheka. Wewe ukinieleza unalia, sisikii vizuri."

Tunakuja na gari la Jumatano. Mweleze habari za kengele ya ngamia, na ile ya mtoto wa askari, na kama una nguvu mwigie alivyokupiga goti. Usimfiche chochote, hata kama ni kibaya. Ameshafichwa vya kutosha na ua.

Nimekusamehe, Mahamud. Nimeliandika neno hilo mara moja, usinitake nilirudie tukionana. Nami nikifika, nitakuomba msamaha wa ule ubani, maana wewe peke yako ndiye uliyenishtaki na kuniachilia.

Mwambie Kahin awe na makaa tayari. Nakuja na ubani wa Kinna, ni mzuri kuliko wa zamani. Nitafukiza nyumba nzima. Mara hii hakuna mashine ndani, kuna mgeni tu.

Abiba